Timu ya Mtaa ni ya Nani?

Jumapili moja ya Januari mwaka huu wa 2026 nilijikuta nimeketi kwenye dawati la mtoto wa shule ya msingi, magoti yakikaribia kidevu, katika chumba cha darasa huko Kamere, kando ya barabara izungukayo upande wa kusini wa Ziwa Naivasha. Nilikuwa nimealikwa kwa kazi ambayo huenda wasomaji wa safu hii wakaiona ndogo: kutafsiri katiba ya klabu ya kandanda kutoka Kiingereza hadi Kiswahili. Klabu yenyewe, ambayo sitaitaja kwa jina kwa kuwa shauri lake halijaisha, ilianza na mpira mmoja na watoto wasiotosha kikosi. Leo ina timu ya watu wazima iliyopanda daraja, ina vijana wa chini ya miaka 13, 15 na 17, na ina timu ya wasichana ambayo hupewa uwanja wengine wote wanapokuwa wamekwisha kuchoka. Imekua. Na kukua huko ndiko kulikoleta ugomvi.

Wenyeji wangu huniita Daktari, na kabla ya kikao kuanza mzee mmoja alinivuta kando akanionyesha goti lake lililovimba. Nikamweleza kwa unyenyekevu kwamba udaktari wangu ni wa isimu, yaani wa lugha na maneno. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Basi, mwanangu, leo utapata wagonjwa wengi." Hakukosea.

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mhisani mmoja alikuwa ametoa mipira, nyavu na fedha taslimu "kwa ajili ya timu." Timu ya watu wazima, ambayo sasa hulazimika kusafiri mbali kwa mechi zake za ligi, ilizitumia fedha hizo kulipa nauli za matatu na ada za waamuzi. Mipira nayo ilifuata njia iyo hiyo. Vijana wa chini ya miaka 15, waliokuwa wakijiandaa kwa mashindano ya likizo, wakabaki na gozi moja lililotiwa viraka, na mwishowe hawakwenda. Viongozi walipoulizwa walijibu, na naamini walijibu kwa moyo safi, kwamba fedha zilitolewa kwa timu na zimetumiwa na timu. Kosa liko wapi?

Hapo akasimama mama mmoja, mfanyakazi wa kupanga maua katika shamba mojawapo la karibu, ambaye mwanawe ni mlinda lango wa vijana hao. Hakupaza sauti. Alisema, "Mwalimu, hebu nisomee hapo tena, polepole. Pameandikwa timu ni yetu ama ni yake?" Kwa "yake" alimaanisha mwanzilishi, bwana mwenye kibanda cha vipuri vya pikipiki, ambaye alikuwa ameketi mbele, kichwa amekiinamisha, akichezea funguo.

Nikasoma tena. Katiba ile ilikuwa imenakiliwa kutoka kwa klabu ya nchi ya mbali, maana palikuwa na kifungu kuhusu maegesho ya magari na kingine kuhusu baa ya wanachama. Kuhusu mwenye timu haikusema neno.

Wanafunzi wa Kiswahili wanakijua kile kiungo kidogo tunachokiita a-unganifu. Ni kiungo chenye kazi nyingi kupita umbo lake. Tusemapo timu ya Kamere tunataja mahali. Tusemapo timu ya vijana tunataja wachezaji. Timu ya kampuni ni timu yenye mwenye mali, na timu ya ushindi ni sifa tu. Kiungo ni kile kile, na lugha haioni haja ya kutuambia ni uhusiano wa aina gani unaokusudiwa, kwa sababu wazungumzaji hudhaniwa kuwa wanaujua. Kwa miaka mingi watu wa Kamere walisema "timu ya" bwana yule bila kugombana, kwa maana hapakuwa na cha kugombania isipokuwa mpira mmoja na vumbi. Mali ilipoingia, kila mmoja aligundua kwamba alikuwa akitamka sentensi yake mwenyewe kwa maneno ya wote. Mwanzilishi alikuwa akisema "niliyoianzisha." Wachezaji wakubwa walikuwa wakisema "tunayoichezea." Yule mama alikuwa akisema "inayomlea mwanangu."

Tena kuna tofauti ya timu na klabu, ambayo katika mazungumzo yetu ya kila siku tumeizoea kuifuta. Timu ni wachezaji kumi na mmoja na wale wa akiba. Kipenga cha mwisho kikilia, imekwisha hadi Jumapili nyingine. Klabu ni chombo chenye wanachama, mali, madeni na umri mrefu kuliko wa mchezaji yeyote. Hoja yangu leo ni kwamba chombo cha mtaani kinachokua, kikawa na watoto na watu wazima chini ya paa moja, hakina budi kuamua ni cha nani, kwa maandishi, na kwa lugha ambayo wanachama wake wanaisoma. Kisipoamua, mwenye nguvu atakiamulia, na wa kwanza kuumia watakuwa watoto.

Kama kuna mahali katika nchi hii ambapo watu wamepata nafasi ya kulisomea jambo hili, ni kusini mwa Ziwa Naivasha. Safari ya Kamere inapita karibu na mtaa uitwao DCK. Watoto wanaozaliwa hapo hudhani ni jina tu kama majina mengine, kumbe ni herufi za kampuni ya Kidenmaki iliyokuja mwishoni mwa miaka ya 1960 kulima maua ikaondoka katika muongo uliofuata. Kampuni ilikwenda, herufi zikabaki. Huo ndio mtindo wa mahali hapa: mtaa huota kando ya lango la shamba, hupewa jina na mwenye shamba, na kisha humwombea mwenye shamba maisha marefu.

Kandanda nayo iliota vivyo hivyo. Mwaka 2001, na tena mwaka 2002, bingwa wa Ligi Kuu ya Kenya hakuwa Gor Mahia wala AFC Leopards wala Tusker. Alikuwa Oserian Fastac, timu ya shamba la maua la kando ya ziwa hili hili. Oserian ni jina la shamba. Fastac ni jina la dawa ya kunyunyizia wadudu. Mabingwa wa taifa, miaka miwili mfululizo, walikuwa na dawa ya wadudu katika jina lao, na hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa sote tulielewa a-unganifu wa aina gani ulikuwa ukifanya kazi hapo. Jirani yao, timu ya shamba la Sher, lililonunuliwa mwaka 2007 na kampuni ya Karuturi kutoka India, nayo ilifika Ligi Kuu. Basi barabara moja, yenye vumbi jepesi la majivu ya volkano, ikawa na timu mbili katika daraja la juu kabisa nchini. Miji mikubwa kuliko Naivasha haijawahi kuonja fahari hiyo.

Mwishoni mwa msimu wa 2012 Oserian ilishuka daraja. Mwaka 2014 kampuni ya Karuturi nchini iliwekwa chini ya wasimamizi walioteuliwa na benki iliyokuwa ikiidai. Leo hakuna hata moja kati ya timu hizo iliyomo katika Ligi Kuu.

Sitaki nieleweke kuwa nayalaumu mashamba. Yalitoa uwanja, mishahara, kazi kwa wachezaji waliostaafu, na furaha ya Jumamosi ambayo wazee wa Kamere huisimulia hadi leo wakiwa wamefumba macho. Lakini kazi ya shamba la maua ni maua. Bei ya waridi ikishuka katika mnada wa Uholanzi, au benki ikidai chake, hakuna mkurugenzi atakayelala macho akiwaza mlinda lango wa chini ya miaka 15. Timu ya kampuni huishi kwa pumzi ya kampuni. Mtoto wa Kamere aliyezaliwa mwaka wa ubingwa wa pili sasa anakaribia kutimiza au ametimiza miaka 24. Ubingwa ule kwake ni hadithi ya baba.

Hatari ya mwenye timu mmoja ni ile ile kwa umbo dogo. Bwana wa vipuri si mtu mwovu. Alinunua mpira wa kwanza kwa fedha zake, akawalipia watoto wa wenzake nauli, na kuna jioni nyingi alizofunga kibanda mapema akipoteza wateja ili kuwafundisha vijana. Anapoambiwa leo kuwa timu si yake, husikia kwamba miaka yake si yake. Nilimwona akimeza mate. Ni nani katika mkutano ule aliyekuwa na stahili kubwa kuliko yeye? Hakuna. Hata hivyo akiugua, akihama, au akigombana na mkewe kuhusu matumizi, timu tano zitalala njaa ya mpira siku moja. Na kwa kuwa fedha zote zimo katika simu yake, hakuna awezaye kusema ni kiasi gani kilikuwa cha watoto, kiasi gani cha wakubwa, na kiasi gani cha vipuri. Nasema "hakuna awezaye" pamoja na yeye mwenyewe. Aliniambia hivyo kwa kinywa chake.

Hebu sasa tutazame upande wa pili wa nchi. Mwaka 1987, katika mitaa ya Mathare, Nairobi, Mkanada Bob Munro alishirikiana na vijana wa huko kuanzisha chama kijulikanacho kwa herufi zake MYSA. Walichokifanya kilikuwa rahisi kukieleza na kigumu kukiiga. Timu ya watoto ilijipatia alama katika msimamo wa ligi kwa kushinda mechi, na pia kwa kujitokeza kusafisha mitaro na kuzoa taka za mtaa wake. Vijana wenyewe waliketi katika kamati za kuendesha ligi, wakapanga ratiba, wakatoa adhabu. Timu ya watu wazima, Mathare United, ilikuja baadaye, mwaka 1994, na mwaka 2008 ikatwaa ubingwa wa nchi. Mwalimu asomaye haya atazame mfuatano huo. Watoto walikuja kwanza, wakubwa wakawa tunda lao. Katika klabu nyingi za mitaani mfuatano umepinduliwa: wakubwa ndio sababu, watoto ndio udhuru. Katika barua ya kuomba msaada watoto hutangulia, na picha zao zikabandikwa. Katika matumizi huja nyuma.

Pengine viongozi wa timu za wakubwa watasema kuwa mtoto hana faida ya karibu. Hata kwa hesabu ya faida tupu wanakosea, na hapa naomba msomaji anivumilie kwa tarakimu chache. Kanuni za FIFA huagiza kwamba mchezaji wa kulipwa anapouzwa kabla ya mkataba wake kwisha, kutoka shirikisho la nchi moja kwenda la nchi nyingine, asilimia 5 ya bei igawiwe klabu zote zilizomlea kuanzia msimu alipotimiza miaka 12 hadi alipotimiza 23. Kwa kila msimu kuanzia miaka 12 hadi 15 klabu hupata robo ya asilimia moja ya bei. Kwa kila msimu kuanzia 16 hadi 23, nusu ya asilimia. Klabu iliyomlea mtoto misimu minne ya mwanzo, basi, ina haki ya asilimia 1. Mwaka 2013 Victor Wanyama aliondoka Celtic ya Scotland kwenda Southampton ya Uingereza kwa bei iliyoripotiwa kuwa pauni milioni 12.5. Asilimia 1 ya bei kama hiyo ni pauni 125,000. Kwa klabu ya Kamere hizo ni mipira ya karne nzima.

Lakini sharti lipo, na ni sharti la karatasi. Klabu iwe imejiunga na shirikisho, na mtoto awe amesajiliwa huko kwa jina lake halisi, tarehe yake halisi ya kuzaliwa, na misimu aliyochezea. Tangu Novemba 2022 FIFA ina chombo maalumu cha kupokea na kugawa malipo hayo kwa kufuata kumbukumbu za usajili. Mtoto ambaye hakuandikwa hakulelewa. Ndivyo kompyuta ionavyo. Na yule kocha aliyempunguzia kijana miaka mitatu ili aendelee kucheza na wadogo, kwa ajili ya kombe la plastiki, ameiharibu kumbukumbu ambayo ingeweza kuja kuilisha klabu. Nyumbani pia sheria ipo: Sheria ya Michezo ya 2013 iliunda afisi ya Msajili wa Michezo, na chama cha michezo kinatakiwa kisajiliwe kikiwa na katiba yake. Kwa nini basi klabu nyingi hukwama hapo? Nimesikia majibu mengi: umaskini, uvivu, urasimu. Yote yana chembe ya ukweli. Mimi nina jibu jingine, na ni la aibu kwetu sisi walimu.

Kwa miaka mingi, katika Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili ya mtihani wa kidato cha nne, yaani Insha, swali la kwanza limekuwa la lazima, na mara nyingi huwa la uandishi wa kiuamilifu: barua rasmi, ripoti, hotuba, kumbukumbu za mkutano. Nimesahihisha insha za namna hiyo nikiwa mwalimu kijana, na naweza kuzikariri usingizini. Kichwa kitaje chama, mahali, tarehe na saa. Waliohudhuria, waliotuma udhuru, waliokosa bila udhuru. Kufunguliwa kwa mkutano. Kusomwa na kuthibitishwa kwa kumbukumbu zilizopita. Yatokanayo. Masuala mengineyo. Mkutano ukafungwa kwa maombi. Sahihi ya katibu, sahihi ya mwenyekiti. Mamia ya maelfu ya vijana wa nchi hii wameandika kumbukumbu za mikutano ambayo haikufanyika, ya vyama ambavyo havikuwapo, wakitia sahihi za makatibu waliowabuni, ili wapate alama kati ya 20. Nje ya ua wa shule, hatua chache, kuna klabu ya kweli yenye ugomvi wa kweli na fedha za kweli, na haina hata ukurasa mmoja wa kumbukumbu.

Niliuliza katika kile chumba: ni nani hapa amewahi kufundishwa kuandika kumbukumbu? Mikono ikainuka, ya vijana karibu wote waliofika sekondari, na hata ya yule kocha wa chini ya miaka 17. Je, ni nani amewahi kuandika kumbukumbu za klabu hii? Wakacheka. Walicheka kwa sababu swali la pili liliwaonekea la dunia nyingine. Tumewafundisha maarifa hayo kama wimbo wa kuigizia, yenye thamani ndani ya chumba cha mtihani na si kwingineko. Kijana aliyepata alama 18 katika swali la kwanza huweka fedha za wenzake katika simu ya mtu mmoja bila risiti, na haoni mgongano wowote. Sasa mtaala mpya umefika ngazi ya juu. Januari hii darasa la kwanza la Gredi ya 10 limeingia, na miongoni mwa njia tatu za masomo imo ya sanaa na michezo. Nisingependa kuona wanafunzi wa njia hiyo wakijifunza usimamizi wa klabu kwa kuibuni klabu.

Na suala la lugha? Katiba ya nchi ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza, kwa hiyo hakuna kosa la kisheria katika kuandika kwa Kiswahili. Kilichopo ni haya. Viongozi walinieleza kwamba Kiingereza "kinaonekana rasmi." Naam, kinaonekana. Kwa mama yule kilionekana tu, hakikusomeka. Mkataba ambao upande mmoja hauwezi kuusoma ni tangazo. Tulipoanza kutafsiri, maneno yenyewe yalianza kudai majibu. Neno la Kiingereza lililotumiwa kwa mfadhili mkuu tuliligeuza kuwa "mlezi," na mara tu lilipotamkwa vijana wakauliza: amemlea nani? Swali hilo halikuwahi kuulizwa miaka yote ambayo cheo hicho kilikuwa katika Kiingereza. Si la mzaha, kwa maana Septemba 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa uenyeji wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027, na mwaka uo huo wa 2027 ni mwaka wa uchaguzi mkuu wetu. Walezi watakuwa wengi kuliko watoto. Kila mtaa utapata jezi zenye sura ya mtu.

Najua pingamizi linalonisubiri. Klabu za wanachama nazo zina misiba yake. Tumeziona Gor Mahia na AFC Leopards, zenye umma mkubwa nyuma yao, zikipita katika migogoro ya uongozi na madeni ya mishahara. Huko Tanzania, Simba na Yanga, klabu zilizozaliwa miaka ya 1930 na zenye wanachama wa kadi, zimekuwa zikitafuta namna ya kuwakaribisha wawekezaji kwa kuwa ada za wanachama hazitoshi. Hata shirikisho letu, lenye katiba nene, lilivunjwa na waziri mnamo Novemba 2021, FIFA ikaifungia Kenya Februari 2022, na mlango haukufunguliwa hadi Novemba mwaka huo. Katiba haimzuii mwizi. Lakini pasipo katiba hata kumwita mwizi huwezi, maana hakuna pahali palipoandikwa kuwa kitu hicho hakikuwa chake. Mgogoro wa wanachama hupigwa hadharani, mtu akashindwa kura. Mgogoro wa mwenye timu huisha kwa mwenye timu kuchukua mipira yake na kwenda nyumbani.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nisisitize daftari la wanachama, na sababu hii naitaja kwa sauti ya chini. Kamere ni mtaa wa wahamiaji. Walikuja kutoka Nyanza, Magharibi, Kisii, Nyandarua, Ukambani, Turkana. Walikuja kuchuma maua, kuvua samaki, kujenga mitambo ya mvuke ya Olkaria. Mwishoni mwa Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi, watu waliuawa mjini Naivasha kwa sababu ya kabila lao, na wafanyakazi wa mashamba wakakimbilia kituo cha polisi na gereza kutafuta hifadhi. Wengine hawakurudi. Wanaume wanaocheza leo katika timu ya wakubwa walikuwa watoto wakati huo. Mwanzilishi alinieleza kwamba aliwaza kuhusu timu kwa mara ya kwanza katika miezi iliyofuata, alipoona watoto wamegawanyika hata katika kuchota maji. Basi nasema: daftari lenye majina ya wazazi wa pande zote hizo, kila mmoja amelipa ada ile ile na ana kura ile ile, ni karatasi yenye uzito kuliko kombe. Timu ya mtu mmoja, hata awe mwema namna gani, siku ya shida huwa timu ya watu wake.

Tulikaa hadi jioni. Tulifika kifungu cha tisa. Ilikubaliwa, kwa kura za mikono, kwamba fedha za vijana ziwe na akaunti yake katika benki, yenye sahihi tatu, moja ikiwa ya mzazi; kwamba msaada wowote utakaokuja uandikwe ni wa kikosi gani kabla haujapokewa; na kwamba wasichana wapewe uwanja siku moja kamili katika wiki, jambo ambalo nahodha wa wakubwa alilipinga kwa hoja ambazo heri nisizirudie. Neno "mlezi" liliondolewa likawekwa "mfadhili."

Kifungu kuhusu mwanzilishi ndicho kilichotushinda. Mmoja alipendekeza aitwe mwasisi na apewe kiti cha kudumu katika kamati bila kura. Mwingine akataka arudishiwe fedha alizotumia, lakini hapakuwa na hesabu yoyote ya kurejelea. Mwenyewe alipopewa nafasi ya kusema alisema maneno machache tu: kwamba hadai kitu, ila angependa aendelee kuitunza mipira nyumbani kwake, kama zamani. Chumba kikanyamaza. Mama wa mlinda lango akasema kwamba hilo nalo liandikwe, pamoja na idadi ya mipira.

Msichana wa kidato cha tatu, beki wa kushoto wa timu ya wasichana, ndiye aliyekuwa akiandika kumbukumbu. Alinionyesha daftari tulipokuwa tukitoka. Alikuwa amefuata muundo wote, kuanzia kichwa hadi yatokanayo, na mahali pa sahihi alikuwa amepiga mistari miwili kwa rula. Aliniuliza kama aandike mkutano umefungwa au umeahirishwa, kwa kuwa shuleni hufundishwa kuufunga. Nikamwambia aandike umeahirishwa. Utarejelewa Jumapili ya mwisho ya Februari, kwa maana kabla ya tarehe 14 mashamba yote yanatuma maua ya siku ya wapendanao, mama zao hufanya kazi hadi usiku, na akidi haiwezi kupatikana.